Siku Wanunuzi Walipoingia Shambani

Mutheu mjukuu wangu,

Huku Kilungu tu wazima, na mguu wa babu yako umepona. Umeuliza kama uwaache wanunuzi wachume mboga wenyewe. Nimecheka peke yangu jikoni.

Nilipoolewa hapa, sukuma zangu zilikuwa zikinyauka kabla sijafika soko la Salama. Siku moja nikawaita majirani waje wanunue, wachume wenyewe. Mama mkwe akafoka, "Watakanyaga kila kitu."

Wakaja wanawake tisa na vyondo vyao. Lakini tulizoea mwethya, kulimiana mashamba kwa zamu, na mikono yao haikuweza kupita magugu. Walichuma wakipalilia, wakiimba. Kufika saa nne mboga zilikuwa zimeisha, na magugu pia. Mama mkwe alisimama langoni akiwauliza watarudi lini.

Nawe fungua lango, mama.

Susu wako