Nasriya, Uliyekunja Zulia Mbele ya Wageni

Mwaka umetimia, Nasriya, tangu ulipoingia hospitali kwa miguu yako ukatoka umebebwa. Ulisema ni kifua tu, utarudi jioni kuwapikia watoto. Mchele uliouroweka tuliukuta umechacha.

Tuseme kweli sisi wa nyumbani kwako, kwa kuwa hukupenda kupambwa: ulikuwa mwoga. Ukifunga mlango, ulirudi kuutikisa. Kila siku ulipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kabla ya kuwasha jiko. Simu ikilia kwa namba usiyoijua, uliitazama mpaka ikanyamaza. Mama mkubwa Muhsina alikutania, "Wewe siku ya kiyama utamwomba malaika akusubiri, urudi kuangalia gesi." Ulicheka, kisha ukaenda kuangalia.

Mumeo alipokuacha, mwanao Aflah bado ananyonya, ulitetemeka siku kadhaa, halafu ukajifunza gari. Ukaendesha hadi mtaa wa Ghala, hapa Maskati, kwenye gereji ulikopata kazi ya kupokea wateja, umeushika usukani kama mtu aliyeshika ukuta. Mama yako akakwambia, "Acha woga, mwanangu. Watu wote wanaendesha."

"Sijauacha, mama. Nnaogopa, na nnakwenda."

Mama yako alisomea stashahada ya maabara na hupenda vitu vinavyopimika. Jibu hilo hakujua alipime na nini.

Wateja walikuja gereji wakifoka kuhusu magari yao, na wewe uliwapa kwanza kiti na maji. Pauline, mwenzako kutoka Kenya, anatuambia kuna mzee mpaka leo akija huuliza, "Yule dada wa maji yuko wapi?"

"Mimi humwambia ako likizo," anasema Pauline. "Hiyo ingine siwezi kusema."

Kisha ukasikia habari za jumuiya ya hisani inayojenga nyumba Bawshar kwa wazazi wanaolea peke yao. Mzazi hulipa kidogo kidogo, hufanya kazi kwa mikono yake kwenye ujenzi, na mwisho nyumba huwa yake. Lakini kwanza watu wa jumuiya huja kuona unavyoishi.

Siku waliyokuja Wattaya, kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga juu ya duka la magari, mama mkubwa alitangulia na zulia la jirani yake, vikombe vyenye mdomo wa dhahabu, chetezo, na sinia la haluwa. "Wageni wakae juu ya saruji? Watatusema mpaka Unguja." Hakuna aliyembishia. Mgeni ni mgeni.

Bi Taghreed wa jumuiya alikaa, akanusa udi, akanywa kahawa, akasema, "Mashaallah, mmejaaliwa." Akafunga mkoba wake, akainuka. Hapo ndipo tulipoelewa tulichojifanyia. Nyumba ilikuwa inatoka mlangoni pamoja naye.

Wewe ukasimama. "Bi Taghreed, samahani, sogea kidogo." Ukalikunja zulia lote mpaka ikaonekana saruji iliyopasuka. Ukavuta pazia, ikaonekana ndoo iliyokinga maji ya darini. "Zulia la jirani. Vikombe vya mama mkubwa. Kahawa tu ndiyo yetu. Nikuongeze?"

Bi Taghreed akakaa tena, juu ya saruji, akaongezwa. Mama mkubwa hakusema nawe mpaka Idi.

Basi kila Jumamosi ukawa Bawshar. Ulipaka rangi nyumba za wenzako kabla ya yako, ukajifunza kupanga vigae, ukarudi na saruji kwenye kucha. Ngazi uliiogopa. Ukumbini mwetu kuna mstari ukutani pale mkono wako ulipofika; juu yake ni rangi ya fundi, na haikufanana. Lakini chumba cha watoto umekipaka mpaka darini. Hatujui ulipandaje. Ulifunga mlango, hukutaka mtu akuone.

Ulilala katika nyumba hii miezi michache tu.

Sasa khofu yako iko kwetu. Nyumba haikuwahi kuwa yako, malipo yalikuwa hayajaisha, na kanuni inasema mzazi, haisemi bibi. Jumuiya ilituachia mwaka huu mmoja. Jumanne Bi Taghreed anakuja na wenzake kuamua kama mama yako anaweza kushika nafasi yako, au nyumba iende kwa mzazi mwingine anayesubiri, ambaye naye ana watoto. Gari likipunguza mwendo nje, mama yako husimama na kisu mkononi, kitunguu kimekatwa nusu. Anarudi kuutikisa mlango. Anapaka povu kwenye mpira wa gesi. Mwanao Wijdan alimuuliza, "Bibi, wakikataa tutakwenda wapi?" Akamwambia, "Maliza wali."

Juzi mama mkubwa alipiga simu. "Zulia lipo, nishamwambia jirani. Safari hii waone mna uwezo wa kulea."

Mama yako alikaribia kukubali. Ndivyo anavyoogopa. Wijdan, aliyekuwa akisikiliza, akasema, "Mama angelikunja." Mama yako akamwambia dada yake zulia libaki huko huko, aje yeye mwenyewe.

Kwa hiyo Jumanne watakaa juu ya vigae ulivyovipanga wewe. Watauona ukuta wenye mstari, na chumba kisichokuwa nao. Watapewa kahawa, kwa kuwa ndiyo yetu. Zaidi ya hapo hatuna la kuwaonyesha.

Unakumbukwa na mama yako, Bi Nadra. Wanao, Wijdan na Aflah. Mama yako mkubwa Muhsina, ambaye siku hizi husimulia habari ya zulia kana kwamba yeye ndiye aliyekutuma ulikunje. Pauline na wote wa gereji ya Ghala. Na jamaa zako wa Maskati na Unguja.

Mwenyezi Mungu akutie kauli thabiti, akupe makazi ambayo hakuna wa kuja kuyakagua.

Hakuna siku tutakayokusahau, Nasriya. Tunaogopa, na mlango tutaufungua.