Nilivyoijaza Saluni ya Mwanangu Mpaka Ikafungwa

Idrisa amefunga saluni!

Nimeanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu jana. Sasa ndiyo salamu: hamjambo nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Leo Jumatano, Tabora jua linawaka na upepo unazungusha vumbi mpaka kwenye sufuria. Nimekaa uani, mchele sijachambua, nimeshika simu tu.

Mnaonisoma siku zote mnamjua Idrisa, mwanangu wa tatu, kinyozi. Nimemwandika sana, mpaka mmoja wenu akaniuliza kama hawa wengine niliwaokota. Lakini niacheni nijisifu hata leo. Mji huu wote hakuna mkono mwepesi kama wake. Mtoto mchanga ananyolewa kwake amelala, anaamka kipara kinang'aa wala hajalia.

Jana mchana nampelekea chakula, nakuta kufuli.

Kwanza nikatafuta wa kumlaumu. Nikalaumu umeme, maana ukikatika mteja anabaki na nusu kichwa. Nikalaumu wenye fremu, wanaotaka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo kabla hujanyoa hata kidevu. Nikalaumu leseni, nikalaumu na vijana wanaofuga rasta. Yote hayo nayasema kwa sauti, barabarani, bakuli la kisamvu mkononi.

Hawa, fundi cherehani wa fremu ya jirani, alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasimamisha cherehani yake.

"Shikamoo Mama Idrisa. Usinikasirikie. Mwanao hakumalizwa na umeme. Kamalizwa na wageni wako."

Nikamwambia ashike adabu yake, nikageuka niondoke. Sikufika mbali. Nilijua anachosema.

Mashine ya kwanza ya Idrisa niliinunua mimi. Niliuza asali ya mizinga aliyoniachia marehemu baba kule Ipole. Tangu siku hiyo, mdomoni mwangu haikuwa saluni ya Idrisa, ilikuwa saluni yetu. Ndugu akishuka kwenye basi kutoka Ipole, hata maji hajanywa, namwambia kapitie saluni yetu, sema mama kakutuma. Wajomba zake, majirani, waume wa mashoga zangu. Wote walinyolewa, wakapakwa poda, wakaondoka wakisema Mama Idrisa amezaa kweli kweli. Nami nikavimba.

Na watani! Sisi Wanyamwezi watani wetu Wagogo hawana haya, na mimi ndiye niliyekuwa nawaita kwa mkono waingie. Yupo mmoja, Chiwanga, dereva wa bajaji. Akishanyolewa anajitazama kwenye kioo, anageuza shingo huku na huku, anavaa kofia, huyo mlangoni.

"Mtani, hela!" Idrisa anamwambia.

"Hela ya nini, mpagazi wewe? Babu zako walipita kwetu Ugogo na mizigo kichwani, ushuru wa njia hawakuumaliza. Kata humo humo."

Mimi niko kwenye benchi, nacheka mpaka kanga inadondoka. "Mwache mtani wangu, Idrisa! Kichwa chenyewe kidogo kama ndimu, kimekula umeme gani?"

Idrisa naye alikuwa anacheka. Leo najiuliza kama kweli alikuwa anacheka.

Lakini linaloninyima raha ni la mkesha wa Idd. Siku hiyo ndiyo kinyozi anavuna. Kila baba anakuja na wanawe, na anayenyoa vizuri anapata akiba ya kumvusha miezi mibaya. Sasa mimi, kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, nikasimama mbele ya watu nikatangaza kwamba bwana harusi na wapambe wake wote watanyolewa saluni yetu, zawadi kutoka kwangu. Vigelegele vikapigwa. Idrisa sikumuuliza. Harusi ilikuwa Idd pili, kwa hiyo wapambe wakaja siku ileile ya mkesha, na wadogo zao, na marafiki wa wadogo zao.

Hawa aliona yote kutoka kwenye cherehani yake. Anasema wateja wa kulipa walikaa kwenye benchi, wakasimama mlangoni, wakaangalia saa, wakavuka barabara kwa kinyozi mwingine. Wengi ndiyo wamehamia huko.

Zawadi kutoka kwangu! Kwa mikono ya nani?

Jioni nilimkuta Idrisa anapanga mashine zake kwenye begi. Anakwenda Nzega, akanyoe kwenye kiti cha mtu mwingine, wagawane kinachopatikana. Mke na watoto atawaacha hapa. "Kule hawanijui," akasema, taratibu tu. Hakuninunia. Afadhali angeninunia.

Mzazi kumwomba mtoto radhi, mimi sikuona kwa mama yangu wala kwa bibi yangu. Nilizunguka sana. Nikamuuliza kama amekula. Nikamwambia zipu ya begi imeharibika. Mwisho nikakaa kwenye mkeka nikasema, "Idrisa, ni mimi. Nisamehe, baba."

Akaacha kupanga.

"Mama, ningemwambiaje mtu alipe, na katumwa na wewe?"

Nililia, jamani. Nililia mpaka mkewe akaja kuchungulia.

Nikamwomba jambo moja, afungue siku moja tu kabla hajaondoka, maana kodi ya fremu imeshalipwa mpaka mwisho wa mwezi. Akasema, "Siku moja, mama. Wakija walewale kwa mtindo uleule, kesho yake napanda basi."

Basi nawaandikia ninyi wote niliowatuma. Njooni tena, ila safari hii mlipe kama mnavyolipa kwa watu baki, bei iliyoandikwa ukutani, bila kunipigia simu niwaombee punguzo. Na mkifika msinitaje. Wapambe, nywele zenu zimeshaota, nimewaona. Chiwanga, utani njoo nao, na hela njoo nayo.

Hata mimi siko pembeni. Tangu alipoanza kazi hii ananipunguza nywele asubuhi kabla wanaume hawajaja, na sijawahi kuacha hata senti. Nitakuwa wa kwanza kwenye kiti. Nitalipa, nitatoka, nitakwenda kukaa kwa Hawa, mgongo nimeupa mlango, nisije nikamkaribisha mtu.

Sijui mtakuja wangapi. Nawaza benchi tupu, na yeye amesimama na taulo begani.

Saa moja na nusu asubuhi anafungua. Jumamosi hii, jamani. Jumamosi.