Chali, Siku Zote Chali

Bomba la jikoni linadondosha maji gizani, umeme umekatika, na mimi nimekaa tu. Shoga, wamenitoa chumba cha wachanga pale kituo cha kulelea watoto.

Nilitoka kupasha maziwa, basi. Narudi namkuta mkurugenzi amembeba yule mtoto wetu mdogo kuliko wote. Alimkuta kalazwa kifudifudi, uso umezama kwenye godoro. Mzima, anapumua.

Msaidizi wangu, yule watoto wanayemwita Anti, niliyemfundisha hata kufunga nepi, anasema, "Mwalimu ndiye aliyeniambia nimlaze hivyo."

Mimi? Mimi ninayeimba kila asubuhi, chali, siku zote chali, mpaka mnanitania kwamba naota nikiimba?

Nikamwambia, "Mdogo wangu, niangalie." Akaangalia chupa.

Mkurugenzi akasema, "Kuanzia kesho chumba ni chake. Wewe utasaidia jikoni."

Chumba ni chake, shoga. Na masomo yangu yote yale ya malezi ya jioni.

Sasa binti yangu, si unajua hunisubiri mle chumbani akitoka chekechea, yuko hapa pembeni anamlaza mwanasesere wake kifudifudi. Nimemuuliza kafundishwa na nani.

"Anti alisema mtoto akilala hivi halii."