Jina Lako Limebaki la Kwanza

Dada Rahma,

Makala imetoka. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ungenikatiza: "Haya, salamu tumezisikia. Imetoka au haijatoka?" Imetoka, dada. Jarida liko hapa mbele yangu, juu ya meza. Lilikuja kwenye sanduku la posta la hospitali, na yule dada wa mapokezi, Mfilipino, alinipungia bahasha kutoka mbali kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Nakuandikia kutoka Karama, huku ugenini kwa Waarabu, kwenye mkahawa wetu, ile meza ya pembeni iliyo karibu na friji ya soda. Mhudumu tuliyemzoea amerudi kwao Kerala. Huyu wa sasa hanijui, na chai yake ina sukari nyingi mno. Mambo mengi yamebadilika tangu uondoke. Ile treni tuliyoona nguzo zake zikiota katikati ya barabara sasa inatembea, ingawa kituo cha hapa Karama bado hakijafunguliwa. Kreni nyingi za ujenzi zimesimama. Kampuni zinarudisha watu makwao, na pale idara ya dharura kila mtu anaogopa kuitwa ofisini kuambiwa khalas, yamekwisha. Mimi bado nipo. Nimepewa kuwafundisha madaktari wapya, na juzi nilijisikia nikimwambia mmoja wao, "Hebu, mwanangu, mtazame mgonjwa kwanza, hiyo mashine haitakukimbia." Sauti ilikuwa yako, hata hiyo "hebu" si ya kwetu Kisii.

Unakumbuka siku aliyoletwa yule mlinzi? Ilikuwa Julai, saa za mchana, jua lile la kuunguza hata kivulini. Wenzake walimkuta ameanguka getini kwenye jengo alilokuwa akililinda. Mwili wake ulikuwa moto na maneno yake hayana kichwa wala miguu. Sote tulisema ni jua. Wiki hiyo tulikuwa tumeletewa wengine wa jua, na mikono yetu ilishazoea kazi: mashuka ya maji, feni, dripu. Mimi nilikuwa upande wa kushoto nikimfunika shuka. Wewe uliinama ukamsikiliza. Alikuwa anasema, "Funga geti. Funga geti." Ukashtuka kusikia Kiswahili, ukamuuliza sikioni, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto: "Umetoka wapi, mwanangu?" Akajibu, "Nyumbani." Ukauliza lini. Hakuweza kusema. Ukaniambia nitoke nje niwaulize wenzake, nami nikarudi mbio na jibu: alikuwa likizo kwao, upande wa Siaya, na alirudi wiki iliyopita tu. Ulisema neno moja, "Malaria," na kabla hatujamaliza kumpoza, damu yake ilikuwa njiani kwenda maabara.

Ilikuwa malaria, ile kali inayopanda kichwani. Alipona. Siku anaruhusiwa ulimtazama akitembea kuelekea mlangoni, ukasema, "Kerubo, hii lazima tuiandike. Kuna daktari mahali fulani atamfunika mtu kama huyu mashuka ya maji, aridhike."

Mimi sikuwahi kuandika makala yoyote. Nilidhani ni jambo la wiki mbili. Loo! Ijumaa zetu zote za mapumziko zilimezwa. Ulikuwa unakuja kutoka Al Qusais na kompyuta yako nzito ndani ya mkoba wa soko, mimi nashuka tu kutoka chumbani kwangu hapo nyuma, na tunakaa mpaka watu wa chakula cha mchana watufukuze kwa macho. Nilikuwa naandika sentensi ndefu, zenye huruma. Niliandika kwamba mgonjwa aliletwa katika hali ya kusikitisha sana. Ukaifuta. "Kusikitisha si kipimo," ulisema. "Homa yake ilikuwa ngapi? Alikuwa anajijua au hajijui? Mhariri ni kama sisi wa dharura, hana muda. Usimwanzie na ukoo." Nyingine uliisoma kwa sauti, ukaniangalia juu ya miwani: "Sentensi hii inatembea kwa magongo." Tukacheka mpaka watu wakageuka.

Makala yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, lakini ugomvi wake wote ulikuwa wa Kiswahili. Ulikuwa unanicheka Kiswahili changu. Nilipomwambia mhudumu "Lete chai," ulinigusa mkono: "Sema naomba, mdogo wangu. Hapa hatukamati mwizi." Na mhudumu mwenyewe alikuwa Mhindi wa Kerala, hajui Kiswahili hata neno! Mpaka leo nasema naomba.

Na ile safari ya Satwa kutafuta ruhusa ya mlinzi? Tulimkuta kwenye chumba walichokaa wengi, nyuma ya duka la fundi cherehani. Amekonda lakini anacheka. Ulimweleza kila kitu, pole pole: tutaandika habari zake ili madaktari wengine wajifunze, jina lake halitatajwa, picha yake haitatokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso. "Daktari, yaani jina langu lisitokee hata kidogo? Sasa mama atajuaje ni mimi?" Ukamwambia ni kanuni, ni kwa kumlinda yeye. Akafikiri. "Basi andika mlinzi hodari." Ukamwahidi kwamba moyoni mwako umeandika hivyo. Tulipofika kituo cha basi ukasema, "Maskini, na ni yeye aliyeugua. Sisi tumeinama tu."

Jarida la kwanza lilitukataa. Jibu lilikuwa fupi, la adabu: jambo hili linajulikana, si jipya. Mimi nilitaka kulia palepale. Wewe uliagiza chapati nyingine ya porota. "Si jipya kwao," ulisema, ukiichana. "Kwa yule kijana lilikuwa jipya kabisa." Tukatafuta jarida la pili, tukapunguza maneno, tukapanga upya marejeo kwa mtindo wao, kwa sababu kila jarida lina mtindo wake wa nukta na mkato kana kwamba wagonjwa wanakufa kwa mkato. Siku ya kutuma uliniambia nibonyeze mimi. Nikaanza kuisoma tena kutoka mwanzo. Ukasema, "Yalla, bonyeza, Kerubo, si bomu."

Walijibu nikiwa nimeshafunga sanduku la safari ya likizo. Hawakutukataa. Wahakiki wawili wa jarida walikuwa na maswali: mbona tulimpoza kabla ya kupima, mbona hatukueleza dawa kwa mpangilio, na kadhalika. Ulinipigia simu, ukanisomea yote, na sauti yako ilikuwa na furaha ile unayojaribu kuificha. "Nenda kawasalimie wazee," ulisema. "Ukirudi tutawajibu. Niletee majani ya chai."

Nilikuwa jikoni kwa mama yangu, Kisii, simu ilipokuja. Mshipa wa kichwa chako umepasuka. Ulikuwa nyumbani, umetoka kuswali, ukasema kichwa kinauma. Walikufikisha kwetu, kwenye idara yetu, na wenzetu walifanya kila walilolijua. Waliniambia asubuhi kwamba umetutoka, na kabla jua halijazama wakaniambia umeshazikwa. Dada, sikuelewa. Kwetu tungekuwa bado tunaitana, tunakodi viti, tunasubiri watu wa Nairobi. Nilibaki nimeshika simu, nina mtu wa kumlilia lakini sina mahali pa kwenda. Nilinunua majani ya chai. Sijui kwa nini. Niliyanunua tu, nikaja nayo.

Niliporudi, Mkuu wa idara aliniita. Hakuwa mtu mbaya, unamjua, aliponiona tu macho yake yalilowa. Alisema tarehe ya kurudisha majibu inakaribia, fomu zinataka saini ya kila mwandishi, na marehemu hawezi kutia saini. "Muondoe, umuweke kwenye shukrani mwishoni," alisema. "Wewe uwe wa kwanza. Khalas, angefurahi." Nilimwambia hapana. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata muuguzi mlangoni akageuka. Nikamwambia, "Sir, hii ni kazi yake. Mimi nilishika shuka." Akasema niandike kwa mhariri mwenyewe.

Nikamwandikia. Barua ile niliiandika jinsi ulivyonifundisha, bila neno moja la kusikitisha. Akajibu kwamba inawezekana, mradi mtu wa familia akubali kwa maandishi.

Ndipo nikaenda kwenu Al Qusais, kwa Mama, mama yako. Nilikuwa nimemtoroka, nakiri kwamba sikujua ningemwambia nini. Alifungua mlango mwenyewe. "Ingia, mwanangu, mbona umesimama kama mdai?" Nilimpa yale majani ya chai. Akayanusa, akayapeleka jikoni, akayapika hapo hapo. Nilimweleza habari ya fomu. Akauliza, "Na wewe jina lako liko wapi?" Nikasema la pili. "Liache hapo hapo," akasema, na akatia saini yake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, akiinua kalamu na kupuliza wino.

Niliwajibu wahakiki peke yangu, hapa kwenye meza hii. Swali la kumpoza kabla ya kupima lilinitesa. Nilijaribu kukisia ungesema nini, nikashindwa, mwishoni nikajibu kwa akili yangu: tulimpoza kwa sababu alikuwa anaungua, na kuungua hakusubiri maabara. Wakakubali. Sijui kama ungeifuta sentensi ile. Nadhani ungeiacha.

Halafu wakaniletea kurasa za mwisho za kusahihisha kabla ya kuchapa. Nikaona jina lako, la kwanza, Rahma Khamis, na kando yake, juu kidogo, alama ndogo ya msalaba. Chini ya ukurasa wameeleza: marehemu. Mimi, Msabato niliyelelewa kanisani, moyo wangu ulitulia kwanza kuiona. Kisha nikamkumbuka Mama. Mama anasoma Kurani, anasoma barua za ndugu zake wa Unguja kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hazimwambii kitu. Katika ukurasa mzima ule, alama pekee ambayo angeitambua ni msalaba kwenye jina la mwanawe.

Nikamwandikia mhariri tena. Akajibu kwa upole kwamba huo si msalaba, ni alama ya kawaida ya wachapaji, na kwao inaitwa jambia. Ungecheka, dada. Nilikaa nikajiuliza lipi afadhali kwa Mama, msalaba au jambia. Nikaandika mara ya tatu, nikaeleza wewe ni nani, na mama yako ni nani, na kwamba atalishika jarida hili kwa mikono yake. Nikaomba nyota. Siku kadhaa zilipita bila jibu. Kisha likaja jibu la mstari mmoja: tumeweka nyota.

Ijumaa iliyopita nilimpelekea Mama. Alikuwa ametandika mkeka sebuleni, ametengeneza vileja, kana kwamba anapokea posa. Alifuta mikono kwa upande wa kanga kabla ya kulishika. "Yuko wapi hapa?" Nikamwonyesha. Aliweka kidole juu ya jina lako, na kidole kikaificha nyota yote. Mimi nikatazama sahani ya vileja maana sikuweza kumtazama yeye.

"Nisomee," akasema. "Kwa Kiswahili."

Dada, sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Nilimsomea nikitafsiri njiani, Kiswahili changu cha Kisii kikijikwaa, naye akinisahihisha palepale: si hivyo, mwanangu, sema hivi. Nilipofika mahali ambapo daktari alimuuliza mgonjwa kwa lugha yake, akaniinulia mkono ninyamaze. "Huyo ni Rahma?" Nikasema ndiye. "Mbona hamkusema ni yeye?" Nikamweleza kwamba kwenye makala hatutaji, tunaandika daktari tu. Akatikisa kichwa, hakuridhika. "Basi ukifika hapo sema Rahma." Nikarudia, nikasema Rahma. Kuanzia hapo kila palipoandikwa daktari nilisoma Rahma. Rahma akaagiza damu ipimwe. Rahma akamwanzishia dawa. Rahma akamruhusu aende nyumbani. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mara, kama anayesikia habari za mtu aliyetoka dukani sasa hivi.

Nilipofika kwenye ukurasa wa vipimo na dozi nikaufunua haraka, nikijua utamchosha. Akanishika kiganja. "Umeruka."

Nikacheka, na yeye akacheka, ndipo tukalia.

Chai yangu imepoa na zamu yangu inaanza baada ya muda mfupi, kwa hiyo nakuacha hapa, Dada. Kaa kwa amani uliko. Mimi Ijumaa nitakuwa kwenu. Nimemuahidi Mama, na sasa nakuahidi na wewe, kwamba nitausoma ule ukurasa wote, vipimo, dozi, hadi nukta na mkato za marejeo, na sitaruka kitu.

Mdogo wako,
Kerubo