Aliyeniona Nikikugeuza Kitandani

Dada Tekla,

Shikamoo. Mkono umezoea kuanza hivyo, hata sasa ambapo hakuna wa kuniitikia marahaba.

Bado sijalia. Kule kwenu Kibaoni kwenye mazishi yako nilichota maji, nikapakua ubwabwa, nikasugua masufuria, na nikamsikia shangazi yako akisema, "Huyu binti wa Kisukuma ana moyo wa jiwe." Sikukasirika. Sikuhisi kitu. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausemi.

Nakuandikia habari za maombi ya chuo. Unakumbuka walitaka watu wawili wa kuniandikia barua za mapendekezo, na mmoja lazima awe mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua kazi yangu. Kwa huyo hatukuwa na mjadala. Nilikuwa najitolea hospitalini chini yako tangu nimalize shule. Ulisema, "Mimi nipo, Kabula. Ngoja niende Kibaoni tuvune mpunga, nikirudi nitaiandika kwa utulivu."

Ukarudi kwenye gari la wagonjwa. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wako wa kulia na maneno yako yote. Wewe, uliyewasimamisha watu wa kiharusi wasiohesabika katika chumba kile cha mazoezi.

Niliomba niwe nakugeuza mimi ili usipate vidonda. Nilifuata ulivyonifundisha: mto katikati ya magoti, bega lisivutwe, mgonjwa aambiwe kabla ya kuguswa. "Dada, nakugeuza sasa." Ulikuwa unafumba macho kuonyesha umesikia. Asubuhi moja nikakwambia hivyo, na macho yalikuwa yamefumbwa tayari.

Baadaye, nilipofungua fomu ya chuo kwenye simu, kidole kiliandika jina lako chenyewe. Nikalifuta, herufi moja moja.

Mwalimu wangu wa baiolojia alikubali kuandika mara moja. Ikabaki nafasi yako.

Baba alikuwa na mtu wake. "Twende kwa diwani," akasema. "Barua ya mkubwa haikataliwi." Nikaenda naye, maana sikuwa na nguvu ya kubisha. Barua ilitoka na mhuri mzuri. Ilisema mheshimiwa ananifahamu tangu utotoni, na kwamba mimi ni muuguzi hodari. Utotoni mimi nilikuwa Usukumani nachunga ndama, na muuguzi sijawahi kuwa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Kawajense nikamwambia, "Baba, samahani. Ng'ombe wako akiumwa unamwita diwani?" Akacheka peke yake, akasema, "Haya. Mtafute anayemjua ng'ombe."

Anayemjua ng'ombe alikuwa Kaka Gervas, mtaalamu mwenzako wa chumba kile cha mazoezi. Mlivyokuwa mnabishana juu yangu! Yeye alisema nachelewesha foleni, kila mgonjwa namzungumzisha kama ndugu yangu. Wewe ukasema, "Mwache, mikono ikishajua itaharakisha yenyewe." Nilimwogopa. Lakini nikikutoa wewe, hakuna mtaalamu mwingine aliyewahi kuniona nikifanya kazi.

Nilimkuta anapanga magongo. Nikamweleza. Akauliza, "Kwa nini mimi? Mimi si nimekugombeza tu?"

Nikamjibu kwamba hajawahi kunigombeza kwa jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Aliweka gongo chini. "Nilikuwa napita wodini," akasema. "Nilikuona ulivyokuwa unamgeuza Tekla. Hiyo ndiyo nitakayoandika. Na kwamba unachelewa, hiyo nayo nitaandika."

Akageukia ukuta. Nadhani alikuwa analia. Mimi nikasema asante, kaka, nikatoka nje kuanua mashuka.

Nimechaguliwa, Dada. Baba alichinja mbuzi, majirani wakapiga vigelegele, nami nikakaa katikati yao nikiitafuta furaha kama mtu anayejipapasa mifukoni. Najua ipo. Sijajua niliiweka wapi.

Jana nilikwenda Kibaoni kumuaga mama yako. Tangu tukuzike hanyanyuki mkekani. Magoti, wanasema. Nilikaa naye, nikamkunja na kumkunjua miguu taratibu mpaka ikalegea, kisha nikampa bega langu. Tukasimama. Tukafika mlangoni, tukapumzika, tukaenda hadi kwenye jiko la nje ambako hakuwa amekanyaga kwa wiki kadhaa. Mwepesi, Dada, kama kuku. Akaniegemea, akaniuliza, "We ni nani vile, mwanangu?"

Nikasema, "Mimi ni mtu wa Tekla, Bibi."

Machozi hayakuja, ila sauti ilikatika, na sikuweza kusema kitu kingine mpaka tulipokuwa tumerudi ndani. Bibi alinishika tu kidole kimoja, akakibana.

Gari langu linaondoka kesho alfajiri. Kila likizo, kabla sijafika kwa baba, nitapitia Kibaoni nimtembeze mama yako, mpaka aingie kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Yeye nimeshamwahidi. Sasa nakuahidi na wewe.

Pumzika, Dada Tekla. Kwaheri.

Wako,
Kabula