Mkwaju wa Mama Chini ya Maji

Njeru, mdogo wangu,

Maji yamerudi. Ungekuwepo ungenipigia simu kabla jua halijatoka, ukipaza sauti kana kwamba kati ya Mbeere na Manyatta hakuna mtambo wa simu hata mmoja: "Mwalimu, shuka! Yamefika kwenye jiwe!" Safari hii hakuna aliyenipigia. Niliteremka mwenyewe, nimevaa sweta yangu ya huku kwenye majani chai, na nilipofika huko chini nikaivua na kuitupia begani, na Nyaga, yule mvuvi mwenzako, akanicheka vilevile ulivyokuwa ukinicheka. "Mzee wa friji amefika," akasema.

Nilirudi jana. Kuna jambo lililotokea pale kwenye jiwe ambalo siwezi kumwambia Nyaga, wala mke wangu, na zaidi ya wote siwezi kumwambia binti yako Wawira. Kwa hiyo nakuandikia wewe. Nitaanzia mbali, kama nilivyozoea. Utanivumilia. Sasa huna haraka.

Tulipoambiwa tuhame ili bwawa lijae, majirani walikata miti yao wakachoma makaa, wakisema heri iende na moto kuliko iende na maji. Baba naye alinoa shoka. Mama akasimama mbele ya ule mkwaju wa kando ya korongo, ambao alikuwa akitwangia mtama chini yake, akamwambia, "Huu hapana. Barua ya kuhama haikuandikiwa mti." Baba akaliweka shoka chini. Mkwaju ukaachwa umesimama, na maji yakaupanda polepole, magoti, kifua, kichwa, nasi tuko juu kilimani tunatazama hadi tawi la mwisho likazama.

Kisha tukatawanyika. Mimi nilikwenda kufundisha Kanyakine, nikakaa huko hadi nikawa naota kwa Kimeru, halafu nikanunua shamba hapa Manyatta. Tangu hapo nimeishi kwenye ukungu na kahawa kama mgeni anayeheshimiwa. Wewe ulikataa kupanda huku milimani. Ulijenga juu kidogo ya ukingo, ukapanda kunde na mtama pale ambapo mawe yaliruhusu, ukajifunza kuvua. Wewe, mtoto wa wafuga mbuzi, uliyekuwa ukilia kuvushwa kijito kikiwa kimefika vifundoni!

Kila likizo nilishuka, tukaketi juu ya lile jiwe ambalo zamani lilikuwa kilele cha malisho yetu. Ulikuwa ukizungusha mshipi hewani na kuurusha, ukiwa umefungia plagi kuukuu ya pikipiki ili uzame, na juu ya plagi umefunga uzi mwekundu ili isiibiwe, kana kwamba samaki wana mikono. Na ndoano iliponasa, ulinishikisha mshipi ukaniuliza, "Hapa ni wapi?"

Nami nilifumba macho nikapima. "Ghala la mama."

"Ghala! Umesoma mpaka umepotea. Huu ni mkwaju. Hebu sikia unavyovuta taratibu."

Tukabishana hadi kambare wakamaliza chambo. Kwako wewe, kila kilichonasa mbele ya lile jiwe kilikuwa mkwaju wa mama, na kwa sababu hiyo hukuweza kuukata mshipi. Wavuvi wengine walikata wakafunga ndoano nyingine. Wewe ulijiviringishia mshipi kwenye kiwiko cha mkono, ukashuka na gambuti zako za mpira, ukipapasa kwa miguu njia ya zamani iliyokwenda kwetu, na ulisema maneno yaleyale kila mara: "Nafika nyumbani mara moja, narudi." Na ulirudi, umelowa hadi kifuani, ndoano mkononi, umefurahi kama mtu aliyetoka kunywa uji kwa mamake.

Kikundi cha wavuvi kilipoleta majaketi ya kuelea, lako ulilitundika ghalani na kuku akatagia humo. Mwenyekiti alipokuuliza, ulimjibu, "Jaketi ni la mtu anayevua ugenini. Mimi nasimama kwenye shamba la baba yangu." Nilicheka. Ilikuwa sentensi nzuri mno, na mimi maisha yangu yote nimekuwa dhaifu mbele ya sentensi nzuri. Sasa naiona kila ninapolala, nami natamani ningeijibu. Ningekuambia hivi: ardhi tunaijua, Njeru, lakini maji hatuyajui.

Maana ile njia haikuwepo tena. Udongo wake ulikuwa umekwisha kuondoka, yakabaki mawe yenye utelezi wa kijani. Na asubuhi bwawa hulala kama maziwa kwenye kibuyu, lakini alasiri upepo huja kutoka ng'ambo, mawimbi yakaanza madogo madogo ya kumdanganya mtu, kisha yakaja mawili au matatu makubwa, yakalipiga jiwe na kurudi nyuma yakivuta kama fahali aliyefungwa kamba.

Nyaga alinisimulia siku tuliyokuzika. Alikuwa kwenye jiwe la pili, amekwisha kukunja mishipi yake kwa sababu ya upepo. Ndoano yako ikanasa. Akakuita, "Njeru, kata, twende!" Ukainua mkono. "Nafika nyumbani mara moja." Wimbi la kwanza ulisimama. La pili likakuchukua miguu. Gambuti zikajaa maji, na mshipi uliojifunga mkononi ukakushikilia palepale, kwenye kile kitu ulichokinasa. Nyaga hajui kuogelea, wala hakuwa na kitu cha kukurushia. Analia mpaka leo kwamba hakuruka. Nami namwambia kila mara alifanya vema, kwa sababu tungewazika wawili, na namwambia hivyo hata siku ambazo mimi mwenyewe napata shida kuyasema.

Ulipolala, Wawira akaichukua mishipi yako. Unajua alivyo: ana jina la mama, na tangu azaliwe mimi na wewe hatukumwita ila "Mama", kama desturi inavyotaka, naye amekua akiamini kwamba ana haki ya kutugombeza sote. Siku za juma yuko ofisini Embu mjini. Jumamosi yuko kwenye jiwe. "Nikiketi pale, Baba mkubwa, namsikia baba," aliniambia, na kwa hilo sikumlaumu.

Kisha siku moja nilikuwa naye. Ndoano ikanasa. Akavua viatu, akajiviringishia mshipi mkononi, akaanza kushuka kwa njia ileile. Nilipiga kelele nisizojua kwamba bado ninazo. Alikwenda hadi kiunoni, akainasua, akarudi akicheka.

"Baba mkubwa, mbona unalia kama mbuzi wa Krismasi? Ni mkwaju wa cucu. Niukate mshipi ambao nyanya yangu mwenyewe ameushika?"

Nilimweleza juu ya mawimbi na utelezi, nikamtolea mifano. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hayo umeyasoma huko kwenye baridi. Mimi nimezaliwa hapa." Ilikuwa sauti yako, Njeru, imevaa rinda. Nikarudi Manyatta nikiwa na hofu moja tu duniani: kwamba atakufuata kwa njia ile. Kila Jumamosi jioni nilikuwa nikimpigia simu kwa kisingizio cha kumuuliza hali ya mbuzi. Nadhani alidhani nimeanza kupenda mbuzi uzeeni.

Halafu ukaja ukame. Bwawa likarudi nyuma na kurudi nyuma, hadi Nyaga akaniambia nishuke nikaone. Tuliteremka watatu, mimi, yeye na Wawira, juu ya tope lililopasuka kama ganda la mkate, hadi mbele ya jiwe lako.

Ni lazima nikuambie, na unisamehe. Hapakuwa na mkwaju pale. Palikuwa na gogo la mgunga, zima, na mizizi yake, limeletwa na mafuriko kutoka shamba la mtu tusiyemjua. Lilikuwa limejaa ndoano na mishipi ya kila rangi, na katikati yake ilining'inia plagi yenye uzi mwekundu. Mkwaju wa mama ulikuwa mbali, upande wa kushoto, kwenye korongo. Ulikuwa mweusi, hauna kichwa, lakini umesimama. Nilizunguka shina lake lote nikilipapasa. Hapakuwa na ndoano hata moja. Miaka yote ile hukuwahi kuugusa. Ghala langu nalo halikuonekana kokote, kwa hiyo usidhani kwamba nilikushinda.

Wawira aliishika plagi yako kwa muda mrefu. "Kumbe baba alifia kuni," akasema. Nyaga akaleta ng'ombe, gogo likavutwa hadi nyumbani, naye Wawira akalipasua mwenyewe kwa shoka, kuni baada ya kuni, na kulipikia githeri hadi likaisha. Nilikula githeri hiyo. Siku ileile gogo lilipofika alimfukuza kuku kwenye jaketi lako, akalifua.

Mimi nami, kabla sijaondoka, nilipanda juu ya jiwe nikafanya kile ninachojua. Niliutazama mkwaju nikauweka alama. Ukisimama kwenye ufa wa jiwe, unauona sawasawa chini ya paa la bati la kanisa lililo ng'ambo, umbali wa mrusho mmoja wa bega zima, ule ambao wewe hukuuweza tangu ulipoanguka na baiskeli ukaumia bega. Nimefundisha jiografia, siwezi kuondoka mahali bila kujua palipo. Sikumwambia mtu. Niliona ni kitu kidogo cha kwenda nacho Manyatta.

Sasa mvua imenyesha na maji yamepanda. Ungeona wanavyovua siku hizi, ungecheka, kisha nadhani ungenyamaza. Hakuna anayekuja peke yake. Wanavaa jaketi. Gambuti zimebaki shambani. Hakuna anayejifunga mshipi mwilini, na kila mtu ana kisu kilichoning'inia shingoni. Wanasimama pakavu, wameyatazama maji, na kando yao kuna jerikeni tupu lililofungwa kifuniko barabara, lenye kamba ndefu, la kumrushia atakayeanguka, kwa sababu mwiko wa kwanza ni kumrukia. Upepo ukigeuka, wanakunja, hakuna mjadala. Wawira ndiye askari wao. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Nyaga, ukiyapa maji mgongo, nitakupiga mimi kabla ya wimbi." Naye Nyaga, na mvi zake zote, akageuka.

Lakini kisu shingoni na mkono unaokitumia si kitu kimoja. Nilikuwa sijamwona akikata.

Juzi alasiri upepo ulikuwa umeanza. Nyaga amekunja. Wawira akasema, "Mmoja wa mwisho," akachukua mshipi wenye plagi yako yenye uzi mwekundu, akasimama kwenye ufa wa jiwe, akauzungusha na kuurusha kwa bega lake changa, mbali kuliko ulivyowahi kuurusha. Ukanasa. Akavuta. Akavuta tena. Wimbi la kwanza likalipiga jiwe. Nikaona mguu wake mmoja umeshuka hadi kwenye jiwe lililolowa.

Akanigeukia. Akanishikisha mshipi mkononi, vilevile ulivyokuwa ukinishikisha.

"Baba mkubwa, hapa ni wapi?"

Nilitazama ulikoelekea. Mshipi ulikuwa umenyooka chini ya paa la bati la kanisa. Sikuwa na haja ya kufumba macho. Ulikuwa unavuta taratibu, Njeru, kama ulivyosema siku zote unavyovuta, kama mtu mzima anayemshika mtoto mkono sokoni. Maisha yangu yote nimeulizwa swali hilo na hii ndiyo mara ya kwanza nilikuwa na jibu.

"Sijui, Mama," nikasema. "Kata."

Alinitazama. Wimbi la pili likaja, likamrushia maji magotini. Akapandisha mguu wake, akachomoa kisu, akakata. Kipande chote kikaenda, pamoja na plagi yako, na tukaondoka, Nyaga mbele, mimi katikati, yeye nyuma na jerikeni. Njiani alianza kunisengenya kwa Nyaga kwamba mzee anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Nilimwacha aseme. Sijawahi kusikia tusi tamu kama hilo.

Ulikuwa mkwaju, Njeru. Safari hii ulikuwa mkwaju wenyewe, na hakuna anayejua ila mimi na wewe. Natamani ungekuwa wewe uliyeushika mshipi ule. Natamani zaidi kwamba miaka ile yote tulipokuwa tukibishana ni ghala au ni mkwaju, mmoja wetu angesema tu kwamba hajui.

Plagi yako sasa iko nyumbani. Iache huko. Nami nakuahidi hivi: maadamu naweza kuteremka, kila nitakapoulizwa na huyu binti pale kwenye jiwe, nitakuwa mwalimu asiyejua lolote.

Pumzika, mdogo wangu. Ukionana na mama, mwambie mti wake bado umesimama. Na mwambie aliyekata mshipi ana jina lake.

Ndugu yako mkubwa,
Mwalimu