Picha ya Chini ya Uwanja Wetu

Mlabani, Ifakara
4 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, ila joto la Ifakara linanikaanga. Mguu wako unaendeleaje?

Mama, wale vijana wa ofisi yetu ya kutafuta maji waliochomeka vijiti vya chuma uwanjani kwetu na kupitisha umeme, namba zao nimezipigia hesabu mimi. Chini hatuoni. Tunapima juu, halafu kompyuta inarudi nyuma kutafuta ni ardhi ya namna gani ingetoa namba kama hizo. Picha imetoka: nyuma ya jiko letu umeme unapita kwa wepesi mno, na hayo ni maji. Kisima cha kijiji kitachimbwa hapo. Lakini kaburi la baba liko hatua kumi tu, na kisima hakikai karibu na kaburi. Itabidi lihamishwe. Najua inauma. Naomba ukubali.

Mwanao,
Levina

Malinyi
11 Septemba

Mwanangu Levina,

Marahaba. Milele, amina. Mguu unavimba lakini bado unanibeba.

Sikubali. Mwenyekiti Hermenegildi alikuja na karatasi yenu, nikamwambia anayetaka kumfukua Wendelin aanze kunizika mimi. Silii, nimekasirika. Umepigia hesabu uwanja niliokuzalia, hukuniuliza hata neno moja!

Sasa sikiliza. Mwaka ule tulipohamia dunguni, kibanda cha shambani, kulinda mpunga, baba yako alifukia bati arobaini nyuma ya jiko wezi wasizichukue, kama tunavyofukia vyombo kila msimu. Zilikuwa za nyumba aliyoniahidi. Akafia hukohuko mashambani. Sikuzifukua. Sikutaka nyumba yake iezekwe na mtu mwingine, ndiyo maana hata wewe ulipotaka kunijengea nilikukatalia. Hakuna anayejua, nawe usimwambie mtu. Bati si chuma? Umeme wenu haukuzipitia?

Mama yako,
Febronia

Mlabani
20 Septemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Nimerudia hesabu. Safari hii niliiambia kompyuta mapema: hapa, kina cha mita moja, pana chuma. Maji yote yakatoweka, chini ukabaki udongo mkavu. Namba ni zilezile, mama, na picha zote mbili zinakubaliana nazo. Hilo nililisomea chuoni na bado nikalisahau. Nisamehe.

Nilimpelekea bosi, Bryson. Nilisema chuma tu, bati sikuzitaja. Akasema ripoti imeshapita, mtambo wa kuchimbia umeshakodiwa, na mimi natetea kaburi la nyumbani. Akanisogezea nakala ya ripoti nisaini. Nimelikata jina langu kwa kalamu mbele yake, naye kanisimamisha kazi. Na anisimamishe! Lakini tarehe mosi wanakuja kufukua kaburi. Mama, bati lazima zionekane. Najua ninachokuomba.

Mwanao,
Levina

Malinyi
3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, nakula, nalala.

Jumanne walikuja na majembe. Wakanikuta nyuma ya jiko nachimba tangu alfajiri. Mguu ulikataa, nikachimba nimekaa. Walidhani nimechanganyikiwa. Jembe lilipogonga, Hermenegildi mwenyewe akaingia shimoni. Zimetoka zote arobaini, zimeshikana kwa kutu, ukizigusa zinamomonyoka. Hata moja haifai. Watu wakacheka: “Mama Levina analala chini ya paa la nyasi na bati anazo!” Wacheke. Nilizililia bati zangu mbele yao bila aibu, kisha nikawauliza, haya, hayo maji yako wapi? Mwenyekiti amerudisha mtambo. Kaburi halijaguswa.

Ila maji hatuna, na watoto bado wanakunywa ya mtoni. Usije kunifariji, njoo upime upya. Kama ofisi imekunyima chombo, azima kwa uliosoma nao. Tangu jana watu wanakuja mmojammoja kuninong’oneza walichofukia na mahali kilipo. Agnella, mke wa mwenyekiti, ana cherehani chini ya banda la kuku, na mumewe hajui. Yote nimeyaandika nyuma ya barua hii. Usipige hesabu yoyote kabla hujaigeuza.

Mama yako,
Febronia